Mahali pa Jina

Secrétariat ya Kataliko, kibanda cha kuchapa na kunakili, ilikuwa hatua chache kutoka soko kuu la Butembo, na watu walileta pale karatasi zote za maisha yao: cheti cha ubatizo cha kunakili, barua ya kuomba kazi, mkataba wa kiwanja, picha ya ndoa ya kutiwa plastiki. Tangu vita vilipokaribia walileta pia wafu wao. Programu ya mazishi ilikuwa na mpango wake: picha juu, tarehe mbili chini ya picha, nyimbo za misa, neno la familia. Aliyechapa yote hayo alikuwa Berthe, msichana wa miaka ishirini na saba. Miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja, na alizungumza na wateja akiangalia vidole vyake juu ya kibodi.

Alikuwa amesoma. Baba yake mkulima wa viazi huko Lubero alikubali kuvaa koti moja miaka mitano ili binti yake amalize licence, shahada ya lugha. Mémoire yake, tasnifu ya kurasa themanini na nne, ilihusu mapenzi ya nchi katika mashairi ya wakati wa vita. Katika ukurasa wa hamsini na mbili aliandika kwamba shairi la namna hiyo huwa la kweli pale tu linapobeba mtu mmoja, mwenye jina na tabia zake. Likibeba taifa zima huwa gunia tupu. Profesa alipiga mstari mwekundu chini ya sentensi ile, akaandika pembeni: *Très juste*, kweli kabisa. Kwa muda mrefu Berthe alikuwa akiifungua mémoire ile ili tu auone mstari mwekundu. Baadaye aliiweka chini ya kitanda, ndani ya sanduku la viatu, na hakuifungua tena.

Kisa chake kilianza alasiri moja ya mvua, mwanamke mgeni alipoingia secrétariat akiwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Jina lake Gaëlle. Mume wake Jordy, askari aliyeletwa Beni kutoka Kananga, alikuwa ameuawa siku mbili kabla, na angezikwa Beni kesho yake. Wakubwa zake walikuwa wameahidi jeneza na bendera.

"Jeneza iko, bendera iko," Gaëlle alisema. "Mutu wa kumulilia njo haiko. Mama yake iko Kananga, bandugu yake yote Kananga. Kwetu mutu akikufa, banamulilia na maneno, banasema alikuwa nani. Hapa nani anamujua? Banasema we ulisoma. Uniandikie kitu nitasoma."

Berthe aliona haya, lakini aliuliza. Aliuliza kwa saa nzima, mvua ikipiga mabati, Kataliko akikohoa kwa makusudi ili amkumbushe kwamba kuna wateja wengine. Aliuliza Jordy alipenda kula nini, alikasirika namna gani, alilala upande gani wa kitanda. Gaëlle akajibu, na mara moja akacheka huku machozi yakimtoka. Alisema Jordy alitaka kujifunza Kinande ili watu wa mtaa wasimwogope, akajifunza salamu moja tu, *wasibire*, ile ya mchana kuelekea jioni. Kila asubuhi alipopita kwenye bomba la maji aliwaambia wanawake *wasibire*, na wao walicheka mpaka madumu yanamwagika, kisha wakamwitikia kana kwamba jioni imefika kweli.

Berthe alimwandikia shairi palepale. Lilikuwa fupi.

*Ee nchi, mpokee huyu, usimuulize lolote.*
*Jordy ndilo jina lake. Litaje polepole.*
*Alisimama pale tulipopita sisi tukikimbia.*
*Alitusalimia salamu ya jioni kila asubuhi,*
*nasi tukamwitikia.*
*Ee nchi, yeye alikupenda kwanza. Sasa ni zamu yako.*

Gaëlle alilisoma, akalirudia, akalikunja mara nne na kulitia kifuani. Alishika mkono wa Berthe, akaubana mpaka ukauma, akatoka nje kwenye mvua.

Lingeishia hapo, Berthe angekuwa na jambo moja la kujivunia maisha yake yote.

Nakala moja ilikuwa imebaki juu ya meza. Kesho yake alikuja mama mmoja wa Lubero ambaye mtoto wake, kijana wa kujitolea, aliuawa vitani. Alikuja kuchapisha programu. Akaiona ile karatasi, akaisoma midomo ikitikisika, akasema, "Na mimi nataka ile."

"Ile ni ya mtu, mama," Berthe alisema.

"Ya mutu gani?" Kataliko aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Si amekufa? Na mutoto ya huyu mama si amekufa? Madame Licence, hapana tutesea watu. Futa jina, weka jina."

Berthe alisita. Mama yule alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi, vimejaa matope, akingoja. Kumkatalia kulionekana ukatili. Basi akafungua shairi kwenye kompyuta, akafuta Jordy. Akaufuta pia ule mstari wa salamu, maana mtoto wa mama huyu alikuwa Munande, naye alisalimia kama watu wote. Hakumuuliza mama yule hata neno moja juu ya mwanawe. Foleni ilikuwa ndefu siku ile.

Wa tatu alikuja, na wa nne. Katika kompyuta shairi likapata faili lake, faili likaitwa HEROS, mashujaa, na katika mstari wa pili kukabaki nukta nane, mahali pa jina. Kataliko, mfanyabiashara aliyejua mambo, akaweka sheria: shairi lisirudi parokia ileile kabla ya miezi mitatu. Akabandika ukutani karatasi ya parokia na tarehe, karibu na kalenda ya duka la saruji.

"Mutu hapendi kuona mwingine amevaa pagne yake siku moja," alisema. "Ni ile ile tu."

Berthe alicheka siku hiyo. Kicheko kile ndicho kilichomuuma baadaye kuliko mengine yote.

Hakujua lilichapwa mara ngapi. Alipofikia mara ya arobaini aliacha kuhesabu. Alilisikia kwenye misa za mazishi, alilisikia limesomwa redioni, na sokoni wauza makaa walimwonyesha kwa kidevu: "Ule njo anaandikaka juu ya inchi." Watu waliposhuka kutoka Kanyabayonga wakikimbia vita, magodoro kichwani, mzee mmoja alimsimamisha njiani, akamwambia kwamba mstari ule wa *tulipopita sisi tukikimbia* ulimliza, kwa sababu yeye alikimbia kweli na mwanawe akabaki. Berthe aliangalia viatu vyake. Yeye hakuwahi kusimama wala kukimbia. Alikuwa amebadilisha majina tu, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni.

Mara mbili alijaribu kuandika jingine. Aliwasha kompyuta mapema kabla ya Kataliko kufika, akaandika *Ee nchi*, akakaa. Nchi haikumwambia kitu. Hakuwa na mtu wa kuweka ndani yake, maana hakuwa amemuuliza yeyote tangu Gaëlle.

Ndipo alipokuja Octave. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyetoka Kisangani, mwanaume mnene, mchangamfu, mwenye suti ya rangi ya maziwa, aliyepewa kazi ya kuandaa siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi, huko Beni, katika uwanja wa shule moja ya mtaa wa Beu. Alikuwa amelisikia shairi kwenye mazishi.

"Mademoiselle Berthe, mi nataka uje usome wewe mwenyewe. Mbele ya bakubwa. Mais mahali ya jina, weka bote. *Wana wa nchi ndilo jina lao.* Unaona? Taifa nzima!"

Berthe alifikiria ukurasa wa hamsini na mbili. Akasema, "Ndiyo, papa."

Siku ya sherehe alipanda taksi asubuhi, watu saba ndani ya gari la watu watano, akateremka mlima wa Kabasha akiwa bado na sweta ya baridi ya Butembo. Beni ilimpokea kwa joto. Uwanjani walikuwa wamefunga maturubai, viti vya plastiki vya wakubwa mbele, mabenchi ya shule nyuma. Kwenye mabenchi walikaa wajane na mama wa marehemu, zaidi ya mia moja, kutoka Beni, Butembo na vijiji vya barabarani. Kila mmoja alikuwa na picha iliyotiwa plastiki. Nyingi Berthe alizitambua, maana alizitia plastiki yeye mwenyewe.

Hapo tu ndipo hofu ilipomshika. Katika karatasi ya Kataliko parokia zote zilikuwa mbalimbali. Hapa zilikuwa benchi moja.

Walimwita. Alipanda jukwaani na miwani yake ya uzi, akashika mikrofoni kwa mikono miwili.

"Ee nchi," alisoma, "mpokee huyu, usimuulize lolote."

Akasikia sauti chini ya sauti yake. Wanawake walikuwa wakisema pamoja naye. Walilijua. Walikuwa wamelisoma nyumbani asubuhi na jioni kama sala. Berthe akaendelea kwa sababu hakujua kuacha.

"Wana wa nchi ndilo jina..."

Hakufika mwisho. "Sikuli!" ilisema sauti moja. "Kitsa!" "Mathe!" "Jordy!" "Gracien!" Majina yalitoka yote kwa pamoja, thelathini, arobaini, yakagongana hewani kama masufuria yaliyoanguka. Kisha kimya. Katika kimya kile aliona vichwa vikigeuka. Mama mmoja alimwangalia jirani yake, jirani akaangalia picha iliyo mapajani mwake. Wote walielewa kwa wakati mmoja.

Ni sauti moja tu iliyoendelea. Nyuma kabisa, bila kusimama, bila kupaza, mwanamke alisema mpaka akafika:

"Alitusalimia salamu ya jioni kila asubuhi, nasi tukamwitikia."

Mstari huo haukuwamo kwenye karatasi ya Berthe. Haukuwamo kwenye karatasi ya mtu mwingine yeyote pale uwanjani.

Kisha mbele wakaanza kupiga makofi. Wakubwa walisimama. Octave aliruka jukwaani macho yakiwa na machozi, akamkumbatia Berthe begani.

"Formidable! Ile ya majina! Bote mara moja! Ulifanyisha bamama répétition lini?"

Alikuwa na sekunde moja ya kusema kweli, kwamba hakukuwa na mazoezi yoyote. Mdomo wake ukafunguka, ukaitaja Jumatano: "Mercredi."

"Mercredi!" Octave alinguruma kwenye mikrofoni. "Munasikia? Hawa bamama bamefanya répétition tangu mercredi, juu ya upendo wa inchi! Tubapigie tena!"

Wakapiga tena. Wanawake zaidi ya mia moja walikaa wakimwangalia. Hakuna aliyepiga kelele. Wangepiga kelele ingekuwa nafuu. Mtu mmoja alimpa Berthe karatasi nene yenye mhuri, brevet ya heshima, na jina lake liliandikwa vizuri kwa herufi za mapambo.

Baada ya hotuba waligawa soda. Berthe alisimama nyuma ya turubai, brevet chini ya kwapa, akitafuta njia ya kuondoka bila kupita mbele ya mabenchi. Gaëlle alimkuta hapo. Alikuwa amekonda. Karatasi yake ilikuwa mkononi, ileile, imechakaa kwenye mikunjo, imeshikwa kwa utepe.

"Mercredi," Gaëlle alisema, "mi nilikuwa napiga jembe mu shamba ya mutu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini ya kuuza maneno ya bwana yangu." Alikunjua karatasi. "Nilifundisha mutoto hii. Anaisemaka mbele ya kulala. Nilimwambia, papa yako aliandikiwa, ye peke yake, batu bengine balipata bendera, ye alipata na maneno. Leo natia mukono ku jirani yangu namna hii, namusikia anasema ile ile. Nikajiuliza: ule mutoto yake naye alipendaka inchi sawa na Jordy? Alisimama fasi moja na Jordy? Ao bote balikuwa mutu moja?"

"Nilifuta mstari wa salamu," Berthe alisema. Aliona jinsi maneno yale yalivyokuwa madogo. "Ule sikumpa mtu."

"Nimesikia. Njo maana ninasema na wewe. Kama ungegawa na ule, ningekupiga kofi." Gaëlle alipitisha kidole juu ya utepe. "Mi uliniuliza mpaka fasi alikuwa analala. Bale bengine, ulibauliza nini?"

Berthe alivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni.

"Hata kitu?"

"Majina tu. Na parokia."

"Parokia juu ya nini?"

Akamweleza. Alieleza sheria ya Kataliko, karatasi ya ukutani, miezi mitatu. Uso ulimwaka, masikio yalimwaka, sweta ilimbana, lakini alieleza yote, na alipofika kwenye ule mfano wa pagne, wa kitenge, alisema pia kwamba alicheka. Gaëlle alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama na ngai," alisema taratibu kwa Kilingala. "Mulituchezea hesabu." Akaikunja karatasi. "Yule pale munene bado anasema kwa batu tulifanya répétition. Nenda utoe ile uongo kwanza."

Berthe alikwenda. Octave alikuwa akiongea na mtu wa redio, chupa ya soda mkononi.

"Papa, samahani. Hakukuwa na répétition."

"Comment?"

"Wale mama hawakufundishwa. Nililiuza shairi moja kwa wote. Kila mmoja alidhani ni lake peke yake. Leo ndipo walipojua."

Octave alimwangalia, kicheko bado kimebaki shavuni. Polepole kikaondoka. Halafu akakirudisha, akampigapiga begani kama mtu anayetuliza mtoto mwenye homa.

"Laisse, mademoiselle. Radio ilishachukua. Na inchi inaitaji kitu kizuri leo. Hapana haribu."

"Basi nipe mikrofoni."

"Sono balishafunga." Na kweli, walikuwa wakikunja nyaya, spika zimeshapakiwa juu ya pikipiki.

Kwa hiyo lile alilolisema mara moja mbele ya watu wote, ilimbidi alifute kwa mtu mmoja mmoja. Alirudi kwenye mabenchi. Alitafuta Gaëlle kwa macho, akamwona ameshafika langoni, akienda bila kugeuka. Wanawake wengi walikuwa wakiondoka hivyohivyo. Mmoja alipompita alisema kwa sauti ya kusikika, "Mushairi wa photocopie," na aliyefuata naye akacheka kavu.

Kwenye benchi la mbele alibaki mama mzee mwenye picha ya kijana mwenye kofia. Berthe aliikumbuka kofia. Huyu alikuwa Solange, wa njia ya kwenda Lubero, aliyesimama mlangoni na viatu vya matope mkononi. Wa pili, baada tu ya Gaëlle. Wa kwanza aliyebadilishiwa jina.

Berthe alipiga magoti kwenye vumbi mbele yake, kwa sababu benchi lilikuwa fupi na hakuthubutu kukaa sawa naye.

"Mama, lile shairi halikuwa la Sikuli. Liliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nilibadilisha jina."

"Nimeona."

"Nisamehe."

Solange alifuta picha kwa ncha ya kitenge.

"Mi nilijua tangu mbele," alisema. "Ulisema ni ya mutu. Mi njo nilisema nataka. Mais nilifikiri utamuuliza kidogo. Nilingoja pale ku mulango uulize. Hukuuliza."

Berthe aliinamisha kichwa mpaka miwani ikateleza. Alitafuta karatasi mfukoni, hakuwa nayo. Alikuwa na brevet tu. Akaigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya goti, akatoa kalamu.

"Alikuwa namna gani, mama?"

"Nani? Sikuli?" Solange aliinua picha karibu na macho. Kwenye uwanja walikuwa wameanza kuondoa viti vya plastiki. "Alikuwa muvivu. Andika ile. Alipenda usingizi. Jua ilikuwa inaingia mu nyumba, inamufikia ku macho, anavuta blanketi. Baba yake alikuwa anamumwangia maji. Siku balikuja kuniambia alikufa mu saa kumi na moja ya asubuhi, nikabaambia hapana, si yangu, yangu saa ile iko analala."

Berthe aliandika. Herufi zikapinda juu ya goti, wino ukapita upande wa pili na kuchafua mhuri.

"Niweke na kuipenda nchi, mama?"

"Mi hapana jua kama alipenda inchi. Hakuniambiaka." Solange alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi. "Weka alipenda kulala, na siku ile aliamuka. Kisha unisomee, nisikie kama ni yeye."